Ufa Ulioinuka

Ni hela ya Tabora, ya shaba ya manjano iliyofubaa ikawa na rangi ya ganda la ukwaju. Upande mmoja una taji, mwaka 1916 na herufi D.O.A., za koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki; upande wa pili umeandikwa 20 HELLER. Upande wa taji, kutoka ukingoni, unashuka mstari mwembamba kama unywele, unapinda kidogo, unapita juu ya tarakimu ya mwisho ya mwaka, kisha unapotelea kwenye uwanda mtupu. Nilipoinunua niliamini imepasuka, na hata aliyeniuzia alinipunguzia bei kwa sababu hiyo.

Niliipeleka kwa sonara mmoja mjini Tanga, mzee aliyezoea kuletewa sarafu za zamani na watu waliotaka kujua kama zina fedha ndani yake. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha pa kukaa. Hakuiangalia sarafu. Alinishika kidole, akaupitisha ukucha wangu taratibu juu ya ule mstari.

"Umezama au umeinuka?"

Ukucha uligota, ukapanda, ukashuka upande wa pili. "Umeinuka, mzee."

"Basi haikupasuka sarafu, mwanangu. Kilichopasuka ni muhuri."

Nimekaa na swali lile kwa miaka mingi sasa. Ndani yake mna karibu elimu yote ya kutenganisha kosa la kiwandani na jeraha la mitaani, na sijaona kazi nyingine ya macho na vidole inayonivuta kama hiyo.

Sarafu huzaliwa kwa pigo. Kisahani kitupu cha madini hukaa juu ya muhuri wa chini, kikiwa kimezungukwa na pete ya chuma inayokizuia kutanuka, kisha muhuri wa juu hushuka kwa nguvu ya makumi ya tani. Kwa nukta ile moja madini hayo, ingawa hayakupashwa moto, hutiririka kama donge la unga lililokandwa vizuri na kujaza kila pahali palipochongwa. Picha ya kwenye muhuri imezama, ya kwenye sarafu imeinuka. Kwa hiyo muhuri ukipata ufa, ufa huo ni bonde jipya. Madini yataingia humo, na kila sarafu itakayofuata itatoka na mstari ulioinuka.

Msumari, jembe, tairi la gari, kisu cha mtoto mtundu, vyote hufanya kinyume. Huchimba. Tena huchimba bila kuondoa kitu: tazama mkwaruzo wowote kwa lenzi, utaona kingo zake zimevimba, kama udongo uliotupwa kando ya mtaro. Madini yaliyokuwa katikati hayakwenda mbali. Mzee alikuwa na namna yake ya kulisema hilo: "Shaba haipotei, inahama." Akishaona ilikohamia, alijua nani aliihamisha.

Watu wengi huanza na sura. Sarafu yangu haina herufi moja, sarafu yangu ina pembe, sarafu yangu ina maandishi mawili mawili, je, ni mali? Siku hizi video fupi za kwenye simu zimelikoleza swali hilo, na nimewaona vijana wakichambua chenji ya daladala kwa matumaini makubwa. Sonara hakuwa akiwabeza. Lakini mtu akianza kumweleza jinsi sarafu ilivyo ya ajabu, alimkatiza kwa upole: "Usiniambie ikoje. Niambie imeingiaje." Yaani, kasoro imepita mlango gani? Milango yenyewe ni mitatu. Ama kisahani kilikuwa na kasoro kabla hakijapigwa, ama muhuri ulikuwa na kasoro, ama pigo lenyewe lilikwenda kombo. Mlango usipoonekana, basi sarafu hata ikishangaza namna gani imepatwa na mkasa baada ya kutoka kiwandani.

Sarafu iliyomegwa ndiyo iliyonifundisha maana ya mlango. Visahani hukatwa kutoka kwenye ukanda mrefu wa madini, kama mama anavyokata maandazi kwa mdomo wa kikombe baada ya kusukuma donge. Ukanda usiposogea vya kutosha, kikombe hushukia mahali palipokwisha kukatwa, na andazi linatoka na pengo la mviringo, kama mwezi ulioanza kuliwa. Mpaka hapo mtu yeyote mwenye tupa anaweza kuigiza pengo lile nyumbani kwake, na wapo wanaofanya hivyo.

Ila safari ya kisahani haijaisha. Kabla ya kupigwa hupitishwa kwenye mashine inayokibana pande zote huku kikizunguka, ili ukingo wake unyanyuke. Kubana kunataka pande mbili zinazokabiliana: huku kukisukuma, kule kukisukuma. Pengo likifika upande mmoja hapana cha kushikwa, kwa hiyo upande unaolikabili nao haupati msukumo. Matokeo yake ni kwamba katika sarafu iliyomegwa kweli, ukingo ulio mkabala kabisa na pengo mara nyingi ni dhaifu, umefifia, wakati mwingine haupo. Wakusanyaji wa Marekani wanaiita alama hiyo kwa jina la Blakesley, mwenzao aliyeieleza. Mwenye tupa hukata pengo lake hapa akasahau kule ng'ambo. Hata akikumbuka, afanye nini? Akikwangua ukingo ataacha mikwaruzo.

Siku moja mzee aliziweka mezani sarafu mbili za senti 10 za Afrika Mashariki ya Kiingereza, zile zenye tundu katikati na pembe za ndovu, zote zimemegwa. Akanipa lenzi, akaendelea na kazi yake ya kulehemu mkufu. Nikaanza na mapengo, nikaona ni ya mviringo yote mawili. Nikageukia ng'ambo: moja ukingo wake ulikuwa mzima, nyingine umelegea kama mdomo wa chungu kilichochakaa. Nilidhani nimemaliza. "Bado herufi," akasema bila kuinua kichwa. Nikarudi. Kwenye ile yenye ukingo mzima, herufi iliyo jirani na pengo ilikuwa imekatwa katikati, wima, kama kwa wembe. Kwenye ile nyingine herufi za jirani zilikuwa zimenyooka na kufifia zikielekea pengoni, kwa sababu wakati wa pigo madini yalikimbilia mahali palipokuwa wazi. Herufi zile zilikuwa zimepigwa huku pengo likiwa tayari lipo. Nilipoliona hilo kwa macho yangu mwenyewe, nywele zilinisimama. Pengo lile lilikuwa na tarehe ya kuzaliwa.

Lazima niseme pia kwamba alama ya Blakesley haionekani kila mara, na mzee hakuwahi kuitumia peke yake. Alitaka mashahidi wawili, watatu, wasiojuana.

Marekani ndiko elimu hii ilikopitishwa motoni zaidi, maana huko kosa la senti moja limewahi kuuzwa kwa bei ya nyumba, na penye bei hiyo waghushi hawakosi. Nyati wa mwaka 1937 ni mfano ninaoupenda kuliko yote. Kiwanda cha Denver kilikuwa kikipiga senti 5 zenye nyati wa Kimarekani. Mihuri miwili iligongana bila kisahani katikati, ikaachiana alama, na fundi mmoja akausugua mmoja ili kuzifuta. Alisugua kupita kiasi. Mguu mmoja wa mbele wa nyati ukatoweka, ukwato ukabaki chini peke yake, na sarafu za nyati wa miguu mitatu zikaenda madukani.

Kumkwangua nyati wa kawaida mguu wake mmoja si kazi ngumu, na wengi wamefanya hivyo. Mjuzi lakini hauangalii mguu uliokosekana. Anaangalia chini ya tumbo, ambako sarafu ya kweli ina mstari wa vijichembe vilivyoinuka, vidogo mno, vikishuka kuelekea ardhini. Vimetokana na vishimo vilivyokuwa kwenye muhuri uleule. Mwenye kisu anaweza kuondoa mguu. Hawezi kuotesha vipele. Hapo narudi kwenye ukucha wangu na hela ya Tabora: kilichozama kinaweza kufanywa na mtu yeyote, kilichoinuka kina haja ya muhuri.

Senti ya 1922 ni ndugu yake. Mwaka huo senti zote za Marekani zilipigwa Denver, na Denver iliweka herufi D chini ya mwaka. Mihuri ilichakaa na kusuguliwa hata D ikapotea kwenye baadhi yake. Mtu akitaka kuighushi huikwangua D. Namna ya kumkamata ndiyo sehemu nyororo kabisa ya ufundi huu, kwa kuwa haihusu umbo hata kidogo, inahusu mwanga.

Madini yanapotiririka chini ya muhuri huacha mistari midogo sana, ya kutoka katikati kwenda nje, isiyoonekana moja moja. Sarafu mpya ikiinamishwa taratibu chini ya taa moja, mwanga hukamatana na mistari hiyo na kuzunguka juu ya uso wake kama spoku za gurudumu la baiskeli. Mzee alinifundisha kuitazama sarafu isiyochakaa kwa mkono tu, bila lenzi, nikiizungusha polepole mpaka nione gurudumu linakwenda. Kisha akanipa nyingine, nzuri vilevile. Gurudumu lilikwenda, likafika mahali fulani likajikwaa. Palikuwa na kiraka kidogo, kidogo kuliko punje ya mtama, ambapo mwanga ulikufa. Kwa lenzi palionekana kama beseni lisilo na kina, limepigwa msasa mwororo. Mtu alikuwa ameondoa herufi pale, kwa ustadi mkubwa, na mwanga ukamshitaki. Tofauti na hapo, grisi na uchafu vikijaza herufi kwenye muhuri, herufi haitoki kwenye sarafu, lakini uso wa mahali pale hubaki sawa na jirani zake, kwa sababu hakuna aliyepagusa.

Maandishi mawili mawili yanawachanganya watu kuliko kasoro nyingine yoyote. Mwaka 1955 kiwanda cha Philadelphia kilipiga senti ambazo mwaka na maneno ya upande wenye kichwa cha Rais Lincoln yameonekana mara mbili waziwazi. Enzi hizo muhuri ulipata picha yake kwa kukandamizwa zaidi ya mara moja, na katikati ulipashwa moto ili chuma kilainike. Safari hiyo muhuri ulirudishwa ukiwa umezunguka kidogo, na picha ya pili ikakaa ubavuni mwa ya kwanza. Zaidi ya senti elfu 20 zikatoka kabla hazijazuiwa. Nyingi zilikutwa kwenye pakiti za sigara: mashine ya kuuza sigara ilipokea senti 25, pakiti ilikuwa senti 23, na chenji ya senti mbili ilitiwa ndani ya karatasi ya nje ya pakiti.

Katika senti hizo herufi zote mbili ni kamili. Zina unene, migongo yao ni ya mviringo, na penye ncha za herufi pamepasuka mara mbili kama ulimi wa nyoka. Basi linganisha na jambo linalotokea kila siku viwandani: muhuri uliolegea hutikisika mara tu baada ya pigo na kusukuma ubavu wa herufi. Hapo nako utaona "maandishi mawili", lakini la pili ni ngazi bapa, ya chini, inayong'aa, na herufi yenyewe imepungua upana kwa kadiri ileile ya ngazi. Hakikuongezeka kitu, kilisogezwa tu. Kwa haki, hilo nalo limetokea kiwandani, wala si jeraha la mtaani. Wakusanyaji hata hivyo hawalilipii, na mimi naona wana sababu: halikuchongwa popote, kila pigo lina lake.

Sarafu za senti za 1943 hazihitaji mwalimu, zinahitaji sumaku. Mwaka huo Marekani iliokoa shaba kwa ajili ya vita, ikapiga senti za chuma kilichopakwa zinki. Chache zilipigwa kwa makosa kwenye visahani vya shaba, na ndizo zinazotafutwa. Senti ya chuma iliyopakwa shaba na mjanja hunasa kwenye sumaku na uzito wake hukaribia gramu 2.7, ya shaba hainasi, na hukaribia 3.1. Waliochonga 8 ya mwaka 1948 ili iwe 3 sumaku haiwakamati, ila umbo la 3 yao halifanani na lile la kiwandani.

Kwetu Afrika Mashariki somo zuri liko kwenye tundu. Sarafu za senti zenye tundu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zilitobolewa zingali visahani, kabla ya kupigwa. Hivyo tundu likiwa limekaa upande kwa kosa la kiwandani, madini ya pembeni yake yamepokea pigo pamoja na picha, na mdomo wa tundu ni laini. Tundu lililotobolewa baadaye kwa keekee, ili sarafu ivaliwe shingoni au itumike kama washa kwenye bolti, lina mdomo mkali, na upande wa kutokea mara nyingi una vinyweleo vya madini vilivyochanika. Sarafu za rangi mbili, kama shilingi 20 ya Kenya ya 1998, huletwa zikiwa pete tupu bila moyo wake, na mwenyewe anaapa kuwa zilitoka benki hivyo. Moyo na pete hupigwa pamoja. Moyo ungekosekana wakati wa pigo, ukingo wa ndani wa pete ungefurika kuelekea kwenye nafasi ile. Ukiukuta umesimama wima na safi, moyo ulikuwapo na umeng'olewa.

Mengine sonara aliyamaliza kwa sekunde chache, na mimi pia sitakawia. Iliyolowekwa tindikali huwa nyepesi na picha yake imefifia pande zote sawasawa, kama sabuni iliyotumika. Iliyoungua ina malengelenge. Iliyolazwa relini imetanuka, na picha imetanuka nayo. Iliyobanwa kwenye jiriwa na mwenzake inaonyesha herufi zilizozama za kinyumenyume juu ya picha yake yenyewe, na upande wa pili umelazwa bapa. Hiyo ya mwisho huwadanganya hata wenye uzoefu, kwa kuwa kuna kosa la kweli linalofanana nayo: sarafu ikinasa kwenye muhuri, kisahani kinachofuata hupigwa na ile sarafu badala ya muhuri, na upande mmoja hutoka wote umezama na kugeuka kinyume. Wote, si juu ya picha nyingine.

Sheria hizi zote, nimekuja kujifunza, zinamtaka mtu aijue mashine iliyopiga sarafu aliyoishika. Hapo ndipo Tabora inapokuwa shule ya peke yake. Mwaka 1916 utawala wa Wajerumani ulikuwa umefungiwa bahari na manowari za Waingereza, sarafu kutoka Ulaya hazikuingia, na wafanyakazi na askari walihitaji malipo. Sarafu zikapigwa katika karakana ya reli, kwa shaba iliyokusanywa, pamoja na maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Palikuwa na hela 5, hela 20 za shaba ya manjano na za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo mbele ya mlima. Mihuri ilichongwa papo hapo. Wanaozisoma hela 20 huzigawa kwa taji kubwa na taji dogo, na kwa ncha za herufi L, zilizopinda na zilizochongoka. Neno hela tunalolitamka kila siku limetoka kwenye heller za utawala huohuo.

Kwa hiyo hela ya Tabora iliyopigwa upande kidogo, yenye herufi zilizofifia au uso wenye maganda, si ajabu sana. Karakana ilikuwa ikifanya kazi iliyo juu ya uwezo wa vyombo vyake, haraka, na vita vinakaribia. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora. Mtu aliyezoea senti za Philadelphia ataona makosa kila mahali. Aliyezoea Tabora ataona karakana. Mzee aliziheshimu sana hela hizi, na aliwahi kuniambia kuwa fundi asiye na chuma kizuri hana budi kuuacha muhuri ufanye kazi hata ukiwa umepasuka.

Miaka mingi baada ya siku ile ya ukucha nilipata hela 20 nyingine, katika kopo la vifungo vya zamani. Taji lilelile, L zilezile. Nilipoigeuza kwenye mwanga nikauona mstari: kutoka ukingoni, karibu na taji, unapinda mahali palepale. Ila huu ulikuwa mfupi. Haukufika kwenye mwaka.

Nilisafiri nazo zote mbili hadi Tanga. Mzee macho yalikuwa yamepungua, lakini kitambaa cheusi alichozoea kuwekea sarafu kilikuwa palepale. Nikaziweka juu yake bila kusema neno. Alizipapasa kwa kucha, moja, kisha nyingine, kisha akarudia ya kwanza. Alichukua muda mrefu.

"Hizi zimetoka tumbo moja," akasema. "Ipi ya kwanza kuzaliwa?"

"Yenye ufa mfupi, mzee."

"Kwa nini?"

"Kwa kuwa ufa wa muhuri hauna namna ya kupungua. Hii ilipopigwa ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Ile yangu ya zamani ilikuja baadaye, umeshafika kwenye mwaka."

Akatikisa kichwa kukubali, akazibadilisha nafasi juu ya kitambaa, ya ufa mfupi kushoto, ya ufa mrefu kulia, akaacha kati yao nafasi ya kutosha sarafu moja zaidi.